Osborne Reynolds: Mhandisi aliyeusoma mwendo wa maji kwa uzi wa rangi

Mwanzoni mwa miaka ya 1880, katika Chuo cha Owens mjini Manchester, Uingereza, tangi la urefu wa futi sita lenye kuta za kioo lilijazwa maji, kisha likaachwa kwa saa kadhaa hadi maji hayo yakatulia kabisa. Ndani yake ulikuwa umelazwa mrija wa kioo, mdomo wake mmoja ukiwa umepanuliwa mithili ya tarumbeta. Vali ilipofunguliwa kidogo, maji yalianza kupita mrijani polepole, na pamoja nayo ukaingia uzi mwembamba wa rangi.

Uzi huo ulinyooka kutoka mwanzo wa mrija hadi mwisho, usitikisike, kana kwamba umechorwa kwa rula. Vali ikafunguliwa zaidi, na uzi ukaendelea kunyooka. Ikafunguliwa tena, na ghafla, mbali kidogo na mdomo wa mrija, uzi ukavurugika na rangi ikatapakaa katika maji yote. Mrija ulipomulikwa kwa cheche ya umeme, ilibainika kuwa kilichoonekana kama ukungu wa rangi kilikuwa visulisuli vingi vidogo vya maji, kila kimoja kikijizungusha peke yake.

Aliyebuni jaribio hilo alikuwa Profesa Osborne Reynolds. Hakuna mhandisi wa mabomba, wa mitambo ya umeme au wa ndege anayehitimu leo bila kulikariri jina lake, ingawa wengi huishia kulijua kama jina la namba tu na si la mtu.

Jaribio hilo halikuwa mchezo wa rangi. Nyuma yake lilikuwapo swali lililokuwa limemsumbua Reynolds kwa takriban miaka kumi, nalo lilihusu makaa ya mawe. Viwanda, meli na magarimoshi ya Uingereza ya wakati huo yaliendeshwa kwa mvuke. Katika boila nyingi, gesi za moto kutoka tanuri zilipitishwa ndani ya mirija iliyozungukwa na maji, ili joto lake litoke kwenye gesi, lipenye chuma na kuyachemsha maji. Gesi iliyofika kwenye bomba la moshi ikiwa bado na moto mkali ilikuwa ni makaa yaliyotupwa.

Je, mirija hiyo iwe mirefu kiasi gani? Iwe mingi au michache, mipana au myembamba? Gesi ikiharakishwa, joto litapotea au litaongezeka? Mafundi walijibu maswali hayo kwa mazoea na kwa kubahatisha. Reynolds aliona kwamba jibu lingepatikana tu iwapo ingejulikana gesi au maji hutembeaje ndani ya mrija.

Osborne Reynolds alizaliwa Agosti 23, 1842 mjini Belfast, Ireland, katika familia ya makasisi wa Kianglikana. Babake, aliyeitwa pia Osborne, alikuwa kasisi, mwalimu mkuu wa shule na mwanahisabati aliyesomea Chuo Kikuu cha Cambridge. Mzee huyo alipenda sana mitambo na ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe. Familia ilihamia baadaye Dedham, katika jimbo la Essex nchini Uingereza, ambako kijana huyo alilelewa.

Tofauti na vijana wengi wa tabaka lake, Reynolds hakukimbilia chuo kikuu. Mnamo 1861, akiwa na umri wa miaka 19, alijiunga na karakana ya mhandisi Edward Hayes mjini Stony Stratford, ajifunze kazi kwa mikono kabla ya kuisomea vitabuni. Huko aligundua kuwa mambo mengi aliyoyaona kila siku karakanani hayangeelezeka bila hisabati. Ndipo akaenda Cambridge, katika Chuo cha Queens', na mwaka wa 1867 akahitimu akiwa wa saba katika mtihani wa hisabati uliohofiwa mno na wanafunzi wa enzi hizo.

Baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi katika afisi ya wahandisi jijini London, aliona tangazo la Chuo cha Owens kilichokuwa kikitafuta profesa wa uhandisi. Wenye viwanda wa Manchester walikuwa wamechanga fedha ili mshahara wa kazi hiyo uwe wa kuridhisha. Miongoni mwao alikuwa Charles Beyer, mzaliwa wa Ujerumani na mmoja wa waasisi wa kampuni ya Beyer, Peacock iliyokuwa ikiunda injini za magarimoshi. Mnamo 1868, Reynolds alipewa wadhifa huo akiwa na umri wa miaka 25, na hakuuacha hadi alipostaafu.

Furaha ya mwaka huo haikudumu. Reynolds alikuwa amemwoa Charlotte Chadwick wa Leeds, lakini mkewe alifariki mwaka uliofuata na kumwachia mtoto wa kiume. Mtoto huyo naye alifariki mnamo 1879. Reynolds alioa tena mwaka wa 1881, safari hii Annie Wilkinson, na wakajaliwa watoto wanne. Ni vyema kukumbuka kwamba kazi iliyompa umaarufu aliifanya katika miaka iliyofuata msiba huo wa pili.

Mazingira ya kazi hayakuwa ya kuonea fahari. Chuo kilikuwa katika nyumba ya zamani mtaani Quay, iliyowahi kuwa makao ya mwanasiasa Richard Cobden, na masomo ya uhandisi yalifunzwa katika lililokuwa zizi la farasi. Maabara haikuwepo. Hadi chuo kilipohamia majengo mapya katika barabara ya Oxford mwaka wa 1873, majaribio mengi ya Reynolds aliyafanya kwa vifaa vidogo vidogo, mengine nyumbani kwake.

Mnamo 1874 alisoma makala fupi mbele ya Chama cha Fasihi na Falsafa cha Manchester. Ilihusu eneo la chuma linalopokea joto ndani ya boila. Ilikuwa na kurasa chache tu na haikuvuma. Hata hivyo, ndani yake mlikuwamo wazo ambalo wahandisi wa joto wanalitumia hadi leo.

Reynolds alieleza kwamba joto huondoka kwenye ukuta wa mrija kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya asili, ambapo chembe za gesi au maji hupokezana joto hata kama hakuna kinachosogea. Njia hii ni ya polepole. Ya pili hutokana na visulisuli: mafungu madogo ya maji hugusa ukuta, huchukua joto, kisha hutupwa katikati ya mrija na mengine yakachukua nafasi yake. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo upokezanaji huo unavyoongezeka.

Kutokana na hayo alipata jambo lililowashangaza mafundi. Iwapo visulisuli ndivyo vinavyobeba joto, basi gesi ikipitishwa kwa kasi maradufu itatoa karibu joto maradufu, na itatoka upande wa pili ikiwa na moto ule ule. Kasi haiharibu kitu. Alipopuliza hewa katika mrija uliotiwa moto, matokeo yalikaribiana na hesabu zake.

Wazo hilo lilikwenda mbali zaidi ya boila. Visulisuli vinavyobeba joto kutoka ukutani ndivyo vile vile vinavyousugua ukuta na kuyazuia maji. Msuguano na joto, kwa maneno mengine, husafiri kwa gari moja. Anayejua ni shinikizo kiasi gani limepotea kutoka mwanzo hadi mwisho wa bomba anaweza kukadiria ni joto kiasi gani limechukuliwa, hata kama hajatia kipimajoto ndani.

Lakini hapo palibaki pengo. Je, visulisuli huwapo siku zote? Kama sivyo, huanza lini?

Wataalamu waliomtangulia walikuwa wamegawanyika. Daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, aliyetaka kujua jinsi damu inavyopita katika mishipa, alikuwa amepima maji katika mirija myembamba mno ya kioo na kuona kuwa upinzani huongezeka sambamba na kasi. Mfaransa mwingine, Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji ya bomba, alipima mabomba makubwa na kupata kwamba upinzani hukaribia mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, upinzani huwa karibu mara nne. Wote wawili walipima kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyekosea. Mjerumani Gotthilf Hagen alikuwa hata ameona kwamba mtiririko hubadilika tabia katika hali fulani, ila hakupata kanuni ya kuutabiri.

Hapo ndipo tangi la kioo lilipohitajika. Reynolds alitumia mirija mitatu, ya kipenyo cha inchi moja, nusu inchi na robo inchi. Aliyabadilisha pia maji yenyewe, yakiwa baridi na yakiwa na uvuguvugu, kwa kuwa maji yakipata joto mnato wake hupungua. Katika mrija mwembamba uzi wa rangi ulivumilia kasi kubwa zaidi kabla ya kuvunjika. Katika maji yenye joto ulivunjika mapema.

Matokeo hayo yote aliyafungia katika hesabu moja. Chukua kasi ya maji, uzidishe kwa kipenyo cha mrija na kwa uzito wa ujazo wa maji, kisha ugawanye kwa mnato wake. Jibu ni namba tupu, haina mita wala kilo. Namba ikiwa ndogo, mtiririko ni shwari. Ikiwa kubwa, mtiririko ni wa msukosuko. Haijalishi kama kinachopita ni maji, mafuta, hewa au mvuke.

Uzi wa rangi ulivunjika namba hiyo ilipokuwa karibu 13,000. Reynolds hakuridhika, kwa sababu aliona kwamba hata mtikisiko mdogo uliweza kuuvunja mapema. Akageuza swali: maji yaliyokwisha kuvurugika, ni lini hayawezi tena kubaki yamevurugika? Safari hii aliweka kando rangi na kioo, akachukua mabomba ya risasi ya urefu wa futi 16 na kupima shinikizo katika sehemu mbili za bomba. Alipata kikomo cha chini kilicho karibu na 2,000. Chini ya hapo upinzani ulikwenda sambamba na kasi, kama alivyosema Poiseuille. Juu ya hapo ulipanda kwa kipeo cha 1.723, karibu na alivyopata Darcy. Ugomvi ukaisha.

Ni rahisi kuliona hilo kwa maji ya kawaida. Katika bomba lenye kipenyo cha milimita 25, maji yenye halijoto ya nyuzi 20 hufikia 2,000 yakiwa na mwendo wa sentimita nane tu kwa sekunde. Ndiyo maana maji ya mabomba ya nyumbani karibu kila mara huwa yamevurugika. Lakini katika mrija wa milimita mbili, mwendo huo sharti ufike mita moja kwa sekunde kabla ya kufikia kiwango hicho.

Makala hiyo ilitolewa mwaka wa 1883 na Royal Society ya London, chama kilichokuwa kimempokea Reynolds kama mwanachama mnamo 1877. Mwaka wa 1888 chama hicho kilimtunuku Nishani ya Kifalme.

Umuhimu wa vipimo hivyo huonekana vizuri katika mitambo ya kisasa ya kubadilishana joto, iwe katika kiwanda cha maziwa, kiwanda cha kusafisha mafuta au rejeta ya lori. Mitambo hiyo haina mrija mmoja. Ina mirija au mifereji kadhaa, pengine mamia, inayolishwa na bomba moja kuu. Mhandisi hupiga hesabu akidhania kila mfereji unapata fungu sawa. Maji hayajui hesabu hiyo. Hufuata njia iliyo nyepesi.

Katika mtiririko shwari, tofauti ndogo ya upana huleta tofauti kubwa ya maji. Mrija ukipata ukoko wa chumvi na kipenyo chake kupungua kwa sehemu moja tu ya kumi, maji yanayopita kwa shinikizo lile lile hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mrija ulionyimwa maji katika boila hupata moto kupita kiasi na unaweza kupasuka, ilhali jirani yake ana maji tele.

Mafuta mazito yanayopozwa huleta taabu ya aina yake. Mfereji uliopata mafuta machache huyapoza mno. Mafuta yakipoa huwa mazito, yakiwa mazito hupungua mwendo, na yakipungua mwendo hupoa zaidi. Mifereji mingine inayabeba mafuta yaliyosalia yakiwa bado na moto, hivyo yanapita kwa urahisi zaidi. Mtambo mzima unaweza kuonekana una afya ukipimwa milangoni, kumbe ndani nusu ya mifereji yake imelala.

Kupima kinachotokea ndani ya mifereji hiyo ni kazi ngumu, na mbinu zinazotumika ni jamaa wa zile za Manchester. Wapo wanaotoboa vishimo vidogo na kulinganisha shinikizo la mwanzo na la mwisho wa kila mfereji, kama Reynolds kwenye mabomba ya risasi. Wapo wanaotia rangi au chumvi kidogo na kuangalia inatokea mfereji upi na kwa muda gani. Wengine hupima halijoto ya kila mfereji mahali maji yanapotoka, kisha hurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye kiasi cha maji.

Ugumu huongezeka pale kinachopita kinapokuwa mchanganyiko wa kimiminika na gesi, kama maji na mvuke. Bomba kuu linapogawanyika, viwili hivyo huachana: kimiminika, kwa kuwa ni kizito, huelekea upande mmoja, na gesi ikapinda kwa wepesi upande mwingine. Mfereji mmoja unaweza kupata karibu maji matupu na mwingine karibu mvuke mtupu. Namba moja ya Reynolds haitoshi hapo, na wataalamu wangali wanatofautiana kuhusu hesabu inayofaa.

Mwenyewe aliligusa jambo hilo kwa njia yake. Mnamo 1894 alionyesha kwamba maji ya kawaida, pasipo moto wowote, yanaweza kuchemka ndani ya mrija ulio wazi. Mrija huo ulibanwa katikati. Maji yalipolazimika kuharakisha ili kupita pale penye kiuno, shinikizo lilishuka kiasi cha viputo vya mvuke kujitokeza, na viputo hivyo vilipofika mahali papana vikapasuka kwa kelele ya mchemko. Viputo vya namna hiyo ndivyo vinavyotafuna rafadha za meli na mapanga ya pampu.

Pampu nazo zilikuwa katika fani yake. Mwaka wa 1875 alipata hataza ya pampu ya turbini yenye hatua kadhaa. Aidha, alieleza mwaka wa 1886 jinsi tabaka jembamba la mafuta linavyoweza kuubeba mhimili mzito unaozunguka bila chuma kugusa chuma, na akaunda mfano mdogo wa mlango wa mto Mersey ili kuchunguza jinsi maji kujaa na kupwa yanavyosukuma mchanga. Mtu angedhani hayo ni mambo yasiyohusiana. Kwake yote yalikuwa swali moja la kitu kinachotiririka kando ya ukuta.

Darasani hakuwa mwalimu mwepesi. Mwanafunzi wake maarufu zaidi alikuwa J.J. Thomson, aliyeingia Chuo cha Owens mwaka wa 1870 akiwa na umri wa miaka 14 na ambaye baadaye aligundua elektroni. Thomson alimkumbuka Reynolds kama mmoja wa watu wenye fikra huru zaidi aliowahi kukutana nao. Kwa mujibu wa Thomson, profesa huyo alipopata swali jipya hakusoma kwanza walichoandika wengine, bali aliliandama mwenyewe tangu mwanzo. Tabia hiyo ilimpa ugunduzi, lakini pia ilifanya makala zake ziwe ngumu kusomeka.

Inasimuliwa kwamba siku moja alitaka kuwaonyesha wanafunzi matumizi ya rula ya kukokotolea kwa kuzidisha tatu kwa nne. Akaisogeza rula kwa makini na kutangaza kuwa jibu ni 11.8. Wanafunzi walipotabasamu, aliwaambia kwa utulivu kuwa hilo linatosha kwa kazi iliyopo. Wapo walioiona hiyo kama dalili ya mtu aliyesahau dunia. Mhandisi anaweza kuiona vingine.

Mnamo 1895 alirudia suala la msukosuko, safari hii kwa kalamu na karatasi. Alipendekeza kuwa kasi ya maji yaliyovurugika itazamwe kama sehemu mbili: wastani unaoendelea mbele, na mtikisiko unaopanda na kushuka kuuzunguka wastani huo. Wakaguzi wa Royal Society, George Stokes na Horace Lamb, ambao walikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa hisabati ya vimiminika, walikiri kutatizwa na makala hiyo. Hatimaye ilichapishwa. Programu nyingi za kompyuta ambazo wahandisi hutumia leo kukadiria mtiririko ndani ya mitambo zimejengwa juu ya mgawanyo huo.

Wanafunzi wake waliendeleza mengine. Thomas Stanton, aliyekuwa msaidizi wake, alichapisha mwaka wa 1897 vipimo vya joto linalopita kati ya chuma na maji yanayotiririka mrijani, na kulipa nguvu wazo lile la 1874. Mwaka huo huo Reynolds mwenyewe, akishirikiana na W.H. Moorby, alikamilisha kipimo cha uhusiano wa kazi na joto. Walitumia injini ya mvuke ya maabara ya Whitworth, iliyofunguliwa chuoni mwaka wa 1888, kuyatia joto maji yaliyopita ndani ya breki, kutoka karibu na kuganda hadi karibu na kuchemka. Walichopima kilikuwa swali lile lile la James Joule, mwana wa Manchester ambaye Reynolds aliwahi kuandika kumbukumbu za maisha yake.

Baada ya hapo afya yake ilianza kudorora. Kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka wa 1903 na kilichojaribu kueleza ulimwengu mzima kama chembe zilizopangika kama mchanga, hakikupata wafuasi. Ni vigumu kukisoma bila huzuni, maana jitihada ile ile ya kutotegemea fikra za wengine, ambayo ilikuwa imemfikisha kwenye uzi wa rangi, hapa ilimwacha peke yake njiani. Alistaafu mwaka wa 1905 akiwa na umri wa miaka 62.

Namba ile ilikuwa bado haina jina. Mjerumani Arnold Sommerfeld ndiye aliyeiita namba ya Reynolds, katika kongamano la wanahisabati lililofanyika Roma mwaka wa 1908. Miaka miwili baadaye, mwenzake Ludwig Prandtl akaliendeleza wazo la msuguano na joto, akionyesha kwamba karibu na ukuta huwa pana tabaka jembamba lisilofikiwa na visulisuli. Reynolds alifariki Februari 21, 1912 mjini Watchet, Somerset, na kuzikwa huko.

Manchester aliyoitumikia iliifikia Afrika Mashariki kwa njia ya reli. Kampuni ya Beyer, Peacock, ambayo mwasisi wake alikuwa amechangia mshahara wa Reynolds, ndiyo iliyounda injini kubwa za Garratt zilizoanza kutumika katika reli ya Kenya na Uganda mwaka wa 1926. Miaka ya 1950 kampuni hiyo ilileta nyingine 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mmoja wa majitu hayo, Mount Gelai, umehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Ndani ya boila yake mna mirija ya kupitishia gesi za moto, jamaa ya ile iliyomsumbua profesa huyo mnamo 1874.

Tangi la Reynolds nalo lilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Manchester. Takriban miaka mia moja baada ya jaribio la kwanza, watafiti walilijaza maji tena, wakatia rangi na kufungua vali polepole. Uzi ulinyooka kama zamani, kisha ukavunjika, lakini mapema kuliko ile namba 13,000 aliyoandika Reynolds. Magari yaliyokuwa yakipita katika barabara za mji yalikuwa yakilitikisa jengo.